Uwanja Ulipogeuka Kambi: Safari ya Blantyre, Beira na Buzi

Ijumaa, Kasumulu, mpakani mwa Tanzania na Malawi

Foleni ya malori imerefuka mpaka kwenye vibanda vya kubadilishia fedha. Shemeji yangu, anayepeleka mbolea Blantyre, ameegemea usukani na kusinzia, kwa kuwa anajua mambo ya forodha hayakimbizwi. Mimi nimepata kiti kwa mama lishe na nimeanza kuandika.

Nafundisha soka la watoto Kilwa Masoko. Kimbunga Hidaya kilipotujia Mei 2024 kilikuwa kimeshachoka. Kilidhoofika kilipofika Mafia usiku wa Mei 4, lakini mvua zake ziliangukia ardhi ambayo tayari ilikuwa imelowa chapachapa kwa mvua za El Niño, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika pale Somanga na magari yakalala njiani. Baada ya hapo nilikaa kwenye vikao vingi. Nyumba zilihesabiwa, mashamba yakahesabiwa, madaraja yakahesabiwa, na ndivyo inavyotakiwa. Ila uwanja wa mtaa, na watoto waliokuwa wakikutana pale kila alasiri, haukuwa na nafasi kwenye fomu yoyote niliyoiona.

Sisi wa huku juu tumezoea kuona vimbunga ni mambo ya wenzetu. Karibu na ikweta mzunguko wa dunia hautoshi kuuzungusha upepo ukawa kimbunga, na Madagaska imesimama mbele ikipokea mapigo mengi. Lakini Zanzibar ilipigwa mwaka 1872 mikarafuu ikalala chini, na Lindi ilipigwa mwaka 1952. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita kusini kidogo ya Mtwara kikaivunja Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Bahari ni moja, na maji yake yanazidi kupata joto. Kwa hiyo nakwenda kwa waliopigwa hasa: Blantyre ya Malawi, iliyopigwa na kimbunga Freddy mwaka 2023, na Beira ya Msumbiji, iliyopigwa na kimbunga Idai mwaka 2019. Nataka kujua timu za watoto zilirudi vipi uwanjani, na zipi hazikurudi.

Jumamosi, njiani

Ziwa Nyasa lilikuwa kushoto kwetu tangu Karonga mpaka tulipoanza kupanda milima. Foleni za mafuta ni ndefu kila mji, na shemeji anashukuru alijaza tangi Mbeya. Tulipita karibu na Rumphi, wilaya aliyozaliwa Tabitha Chawinga, binti aliyeanza kwa kucheza na wavulana mpaka akafika Paris na Lyon. Mdogo wake Temwa alichaguliwa mchezaji bora wa ligi ya wanawake ya Marekani mwaka 2024. Nimewataja kwa sababu nitakapofika Blantyre nitawakuta wasichana wanaowataja wao.

Jumapili, Blantyre

Tumeingia adhuhuri, na baada ya watu kutoka kanisani shemeji akanipeleka Chilobwe. Anaongea Chichewa vizuri kwa sababu ya miaka yake kwenye barabara hii, na bila yeye ningekuwa bubu.

Mlima Soche umeuinamia mtaa. Makovu ya maporomoko bado yanaonekana, mistari ya udongo mwekundu inayoshuka kwenye kijani. Freddy kilizaliwa mapema Februari 2023 upande wa Australia, kikavuka Bahari ya Hindi nzima, kikapita juu ya Madagaska, kikapiga Msumbiji karibu na Vilankulo Februari 24, kikarudi baharini kujipatia nguvu upya, kisha Machi 11 kikaingia tena karibu na Quelimane. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limethibitisha kwamba kiliishi siku 36, na hakuna kimbunga cha kitropiki kilichowahi kurekodiwa kikaishi muda mrefu kuliko hicho. Kilipofika kusini mwa Malawi kilimwaga ndani ya siku sita mvua ya miezi sita. Usiku wa kuamkia Machi 13 mlima ukaachia matope na mawe juu ya nyumba za matofali mabichi, watu wakiwa wamelala. Hesabu ya serikali ilifikia watu 679 waliofariki na 537 waliopotea. Waliohama makazi yao walizidi 650,000.

Wakakimbilia shuleni. Shule ya Msingi Naotcha hapa Chilobwe ilikuwa kambi, na shule nyingi za wilaya za kusini vivyo hivyo. Shule ina kuta na ina choo, na mara nyingi ina uwanja. Uwanja ndiyo ardhi pekee tambarare katika mtaa wa mlimani.

Dada mmoja anayefundisha netiboli alitusubiri kando ya uwanja, wasichana wakipasha misuli. Huku netiboli ndiyo roho ya wasichana. Timu ya taifa, Queens, imeshakuwa ya tano na ya sita duniani, na Mwayi Kumwenda, mfungaji wao maarufu, alifika kucheza ligi ya Australia. Dada akatuonyesha daftari aliloliokoa ndani ya mfuko wa plastiki. Karatasi zake zimevimba na wino umesambaa pembeni, lakini majina yanasomeka. Hakuyapanga kwa herufi. Ameyapanga kwa nafasi saba za netiboli uwanjani, kuanzia mfungaji mpaka mlinda goli: GS, GA, WA, C, WD, GD, GK, timu ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Alisema wiki ya pili baada ya Freddy alipita hema kwa hema na daftari hilo. Watu wa misaada walikuwa wakimuuliza kila mkuu wa kaya ana watu wangapi. Yeye alikuwa akiuliza yuko wapi WD wangu. Kwa njia hiyo aligundua kwamba msichana mmoja alikuwa kambi nyingine na shangazi yake, na familia yake ilikuwa imeshamhesabu kati ya waliofukiwa. Aligundua pia kwamba wengine wawili hawatarudi, na kwenye nafasi hizo mbili hajaandika jina jingine. Timu ya pili haina GA mpaka leo. Anamchezesha mtu pale, ila hamwandiki.

Shemeji, ambaye si mtu wa mpira, alinyamaza kutafsiri kwa muda, na dada akamsubiri.

Jumatatu, Blantyre

Leo nimekaa na dada yule kwa utulivu zaidi, na jambo alilolikazia ni hili: kambini msichana hana sababu ya kutoka hemani ambayo mama ataikubali, isipokuwa kuteka maji na kupanga foleni ya chakula. Alipoanza tena mazoezi, wakiwa na mpira mmoja na pete ya waya aliyoifunga kwenye mti, akina mama wakapata sababu. Saa kumi jioni mtoto anajulikana yuko wapi, na yuko na nani. Baada ya wiki chache akina mama wenyewe wakawa wanamletea taarifa: fulani ameacha kuja, fulani kuna mtu mzima anamzungukazunguka. Mabinti wawili waliokuwa wakitaka kuozwa waliokolewa hivyo, kwa sababu mwalimu aliona pengo kwenye safu yake akafuatilia siku ile ile.

Nimefundisha watoto muda mrefu na sikuwahi kuliona daftari la mahudhurio kwa jicho hilo. Kwangu lilikuwa la kujua nani apewe jezi.

Mchana tulikwenda uwanja mwingine, wa wavulana, ambao uliwekwa mahema. Sitautaja jina kwa sababu wanaohusika wanaweza kubebeshwa lawama isiyo yao. Kocha, kijana mwenye mguu mbaya aliyewahi kucheza daraja la pili, alinitembeza kama anayeonyesha shamba lake. Katikati ya uwanja kuna viraka vya ardhi nyeusi palipokuwa na majiko. Kokoto zilizomwagwa ili mahema yasikae kwenye tope hazikuzolewa, na magoti ya watoto yana ushahidi. Kona ya kaskazini palichimbwa vyoo. Kambi ilipofungwa mashimo yakafukiwa haraka haraka, na kila masika yanatitia. Watoto wenyewe wamejiwekea sheria kwamba mpira ukiingia pembe ile ni wa kurusha, hata kama haujatoka.

Nilimuuliza kama alikataa uwanja usitumike. Akashangaa. "Ningekataaje? Mama yangu mwenyewe alilala hapa." Anachotaka ni kwamba siku hema la mwisho linapong'olewa, yule aliyeleta mahema alete pia greda la siku moja na malori mawili ya udongo. Kambi ilifunguliwa kwa hotuba na picha. Siku ya kufungwa hakufika mtu, zaidi ya mlinzi aliyekuja kuchukua turubai.

Hili nalibeba. Uwanja kuwa kambi ni sahihi, maana uhai wa watu uko mbele. Lakini umekopwa, na anayekopa hurudisha.

Jumanne, Tete

Nimeagana na shemeji. Nimevuka mpaka wa Mwanza ya Malawi na Zóbuè ya Msumbiji kwa basi dogo, pasi yangu ikagongwa bila viza, nikaingia Tete jua likiwa bado kali ingawa ni Julai. Mapambo ya miaka 50 ya uhuru, ya Juni 25, bado yananing'inia kwenye majengo ya serikali. Nimekula samaki wa Zambezi na kulala mapema.

Jumatano, barabara ya N6

Kutoka Tete mpaka Chimoio ni milima na mawe makubwa, na kutoka Inchope kwenda Beira nchi inashuka na kulala kama mkeka. Nilikaa dirishani makusudi. Nhamatanda, Lamego, Tica: majina niliyoyasikia redioni Machi 2019. Watu wengi wanadhani Idai ni upepo wa usiku mmoja. Hapa unaelewa kwamba ulikuwa maafa mawili.

La kwanza ni upepo. Mfumo ule ulianza mwanzoni mwa Machi kwa mvua zilizofurisha kusini mwa Malawi na mkoa wa Zambezia wa Msumbiji, ukarudi Mlango-Bahari wa Msumbiji ukakuta maji ya moto, ukanenepa, na usiku wa Machi 14 kuamkia 15 ukaingia nchi kavu karibu na Beira kwa upepo wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. La pili ni maji, na hayo hayakutoka baharini peke yake. Mvua iliyonyesha juu kwenye milima ya Chimanimani, iliyoua watu wengi upande wa Zimbabwe, ilishuka siku zilizofuata kwa mito Pungwe na Buzi. Mito miwili ikaungana kwenye tambarare hii ikawa ziwa lililoonekana kwa satelaiti. Watu walionusurika upepo Ijumaa wakajikuta juu ya miti Jumapili. N6 ikakatika, na Beira ikakaa zaidi ya wiki bila kufikika kwa gari.

Abiria wa pembeni yangu, mama mwenye kuku wawili kwenye kapu, alininyooshea kidole makalvati mapya moja baada ya jingine, kimya, tangu Lamego mpaka Tica.

Alhamisi, Beira

Mwenyeji wangu ni Mmakonde aliyekulia Newala, anafanya biashara ya vipuri hapa, na Kiswahili chake ni cha kusini kabisa, kinanifanya nijisikie nyumbani. Ananiita mwalimu, mimi namwita kaka.

Beira imekaa mdomoni mwa Pungwe na Buzi, na sehemu zake nyingi haziko juu ya maji bamvua. Maji hapa hupwa na kujaa kwa mita nyingi kuliko Kilwa. Ufukwe wa Macuti unaliwa, na mivinje iliyopandwa kuuzuia mchanga mingine imebaki mizizi hewani. Idai kilivunja au kuezua sehemu kubwa mno ya mji wa watu zaidi ya nusu milioni. Msumbiji nzima ilipoteza zaidi ya watu 600, na walioathirika walizidi milioni moja na nusu.

Mtaa wa Praia Nova uko kwenye mchanga ukingoni kabisa, nyumba za mbao na mabati za wavuvi. Hapo tulimkuta mzee anayefundisha timu ya watoto, na wote, wakubwa kwa wadogo, wanamwita Mister kama makocha wote wa huku. Nikamsalimia kwa heshima ya mzee, kaka akatafsiri, mzee akacheka na kunikalisha kwenye kreti la samaki.

Alinisimulia ule usiku kwa mikono. Upepo ulianza upande mmoja, ukang'oa bati moja moja, kisha ukatulia, watu wakatoka kutafuta watoto, halafu ukaja kwa upande wa pili na kuyatumia yale mabati yaliyolegea kama visu. Asubuhi goli lake la chuma lilikuwa limejikunja juu ya paa la jirani. Mipira yote, jezi na pampu vilikuwa kwenye stoo ya mbao, na ile stoo hakuna aliyeiona tena.

"Lakini vitu hivyo ni vitu," alisema. "Nilipata bati jingine, nikapata mpira mwingine. Nilipoteza watoto kumi na wanane, na hakuna hata mmoja aliyekufa."

Walihamishwa. Serikali iliona, kwa haki, kwamba Praia Nova si mahali pa kuishi, na familia nyingi zilizokuwa kwenye mahema zikapelekwa Mandruzi, wilaya ya Dondo, nchi ya juu, kilomita thelathini na ushee kutoka baharini. Zikapata viwanja vya kujenga na usalama. Na timu ya mzee ikakatika vipande viwili kwa siku moja, pale malori yalipokuja. Kipa akaenda, beki wa kati akabaki. Mapacha tu ndio walikwenda pamoja.

Jambo jingine alilolieleza linahusu kipindupindu. Wagonjwa wa kwanza walithibitishwa mwishoni mwa Machi, na mwanzoni mwa Aprili 2019 ikaanza chanjo ya kunywa iliyowafikia zaidi ya watu 800,000. Kulikuwa na uvumi kwamba chanjo ina madhara. Mzee akawapanga watoto wake mstari mmoja, yeye wa kwanza, kapteni wa pili, wakanywa mbele ya wazazi. Akasema, wazazi hawamwamini mtu wa gari jeupe, wanamwamini mtu anayemjua mtoto wao kwamba anaogopa kupiga kichwa.

Ferroviário da Beira, mabingwa wa Msumbiji mwaka 2016, wanatoka mji huu huu. Chiquinho Conde, ambaye ameinoa timu ya taifa ya Msumbiji, amezaliwa hapa. Ferroviário ni klabu ya shirika la reli, ina mlezi wa kuikimbilia bati likiruka. Timu ya Praia Nova ina Mister na kreti la samaki. Na bado akina Conde wa kesho hawaanzii Ferroviário, wanaanzia kwenye mchanga kama huu.

Jioni niliangalia mazoezi. Wingu lilitanda upande wa bahari, si la mvua, la kusi tu. Kipa mdogo, ambaye mwaka 2019 alikuwa mtoto wa mgongoni, alisogea mpaka kwenye nguzo akaishika, na hakuiachia mpira ukiwa upande wa pili. Mzee aliona. Hakumfokea arudi katikati. Alipuliza filimbi akawaita wote wakae chini wanywe maji mpaka wingu likasogea.

Ijumaa, Buzi

Tumevuka kwa boti asubuhi na mapema, tukifuata maji kujaa, abiria wamebanana na magunia ya mkaa na baiskeli. Buzi ni mji mdogo wa kando ya mto, na mbele yake kusini ndiko Sofala, bandari ambayo dhahabu yake ndiyo iliyoijenga Kilwa Kisiwani. Mababu zetu walizijua pepo za njia hii. Kwa mtu wa Kilwa kufika hapa si ugenini mtupu.

Nilikuja kuona uwanja wa mpira. Machi 2019, mji ulipozama, picha zilizopigwa kutoka angani ziliwaonyesha watu wamejazana kwenye majukwaa ya uwanja wa Buzi, maji yamewazunguka pande zote. Wengine walikuwa juu ya mapaa. Jukwaa lilijengwa kwa ajili ya mashabiki, na siku zile likawa kisiwa.

Nimelipanda. Ni ngazi za zege za kawaida, zimepasuka hapa na pale, na juu hapazidi urefu wa nyumba. Mwanamume mmoja aliyekuwa akikata majani alikuja kukaa nasi alipoona tunatazama. Alilala hapo na wanawe. Alituonyesha ngazi ambayo maji yalifika, na ngazi ambayo wanawake wajawazito na wazee walipewa. Vijana wa timu ndio waliokuwa wakipanga nani akae wapi, kwa sababu walizoea kupanga watu siku za mechi. Usiku walikaa ngazi ya chini kabisa, miguu majini, kuzuia watoto wasiteleze.

Tukazungumza pia juu ya tahadhari. Msumbiji ina bendera za rangi: buluu kimbunga kikiwa bado mbali, njano kikikaribia ndani ya siku moja, nyekundu kikiwa saa chache tu. Kamati za vijiji huzitundika. Nilimuuliza bendera hutundikwa wapi hapa, akaonyesha ofisi, redio, na mahali pengine ambapo watu wazima hupita. Nikawaza kwamba saa kumi na moja jioni, wakati watoto wa kijiji chochote cha pwani hii wako nje, macho yao hayako kwenye ofisi. Yako kwenye goli. Bendera ile ingewekwa juu ya nguzo ya uwanja, habari ingefika kila nyumba kabla ya magharibi, imebebwa na miguu yenye mbio kuliko ya mjumbe yeyote.

Jumamosi, Beira

Nimepumzika na kupanga maneno ya kupeleka nyumbani. Sheria yetu ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati mpaka ngazi ya kata na kijiji. Kamati hizo zinapoandika maeneo ya kukimbilia, viwanja vya michezo vitaandikwa, hilo sina shaka, kwa sababu hakuna mahali pengine pa wazi. Nitaomba pembeni yake paandikwe nani atakirudisha, kwa fedha ya nani, na ndani ya muda gani. Vyoo vichimbwe nje ya mistari. Orodha ya watoto wa kila timu, na namba ya simu ya mzazi, ikae nakala moja kwa mtendaji, ndani ya plastiki. Na makocha waingie kwenye kamati. Hakuna posho inayohitajika kwa hilo.

Kaka anasema nitaambiwa mpira ni anasa wakati watu hawana bati. Nimemjibu kwamba dada wa Chilobwe alimpata mtoto aliyehesabiwa amekufa, na hakumpata kwa bati.

Jumapili, Mandruzi

Tumepanda chapa, daladala ya huku, na Mister na watoto wake, wamebebana mapajani, wakiimba tangu Manga mpaka Dondo. Mandruzi imepangwa mistari iliyonyooka, nyumba ndogo, miembe michanga, pampu ya maji yenye foleni. Vijana wenyewe walifyeka uwanja kwa mapanga na majembe. Nguzo ni za mikaratusi, na mtambaa panya umepinda katikati.

Hapa wale kumi na wanane waliohamishwa wametengeneza timu yao. Wengi wameshakuwa vijana wakubwa sasa, wawili wana ndevu, na wamewachukua wadogo wa Mandruzi wakawafundisha walichofundishwa Praia Nova. Walipomwona Mister walishuka kutoka kwenye nguzo walizokuwa wakizikaza, ila hawakukimbia. Walikuja mmoja mmoja wakampa mkono, na yeye akamshika kila mmoja bega akimwangalia urefu. Kwa mmoja aliuliza kuhusu goti. Kwa mwingine aliuliza kuhusu mama. Kwa kipa wake wa zamani hakuuliza kitu, alimpa glovu.

Mechi ilikuwa ya watoto chini ya miaka 13, wakubwa wakiwa waamuzi na vibendera. Kulikuwa na ubishi kuhusu umri wa winga wa Mandruzi, mwenye miguu ya mtu mzima, mpaka bibi yake akaitwa kutoka sokoni kuja kutaja mwaka ambao mama wa mtoto alimzaa. Mandruzi walishinda 3-2. Bao la tatu lilikuwa zuri kiasi kwamba Mister alipiga makofi kabla hajakumbuka timu yake ni ipi, na pengine zote mbili ni zake.

Baadaye, watoto wakila mihogo ya kuchemsha pamoja, watu wazima tulikaa chini ya mwembe kuzungumza ratiba. Wamekubaliana mechi iwe kila wiki mbili, kwa zamu. Mvua zitakapoanza Novemba, watoto wa Praia Nova wakitakiwa kuhama kwa kimbunga, kila mmoja atakuwa na nyumba ya mchezaji mwenzake hapa Mandruzi ya kufikia, na wazazi wa pande zote wataambiwa sasa, si siku ya bendera nyekundu. Hilo Mister alilisema kwa mara ya kwanza leo, na mama wawili wa Mandruzi waliinua mikono papo hapo kusema wana nafasi ya mtoto mmoja mmoja.

Kilichobaki ni nauli. Kaka ametoa ya watu watano, mimi nimetoa nilichoweza na bado nina safari ya kurudi. Dereva wa chapa amekubali kupunguza bei iwapo watalipa kwa mkupuo. Mechi ijayo ni Beira, wiki mbili kutoka sasa, na nauli ya watoto sita wa Mandruzi bado haijapatikana.